Kusomea Sera za Jamii Chuo Kikuu

Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi na wanachama katika mkutano wetu wa mwaka. Msemaji alimaliza kidato cha sita katika shule hii, na sasa ni ofisa mipango katika halmashauri ya wilaya.



Katibu wetu aliniomba nieleze juu ya masomo ya sera za jamii na sera za umma katika chuo kikuu: ni masomo gani, yanamfaa nani, na mtu akiyamaliza anafanya kazi gani. Alinieleza kwamba wanafunzi wa HGE na HGL huuliza jambo hili kila mwaka ufikapo wakati wa kuomba vyuo. Nitajitahidi kujibu kwa ufupi.

Kijana akisema anakwenda kusomea udaktari, baba yake huelewa mara moja. Akisema uhandisi au sheria, huelewa pia. Akisema sera, mzee hunyamaza kidogo, kisha huuliza, “Hiyo si ndiyo siasa?”

Jibu ni kwamba siyo siasa, ingawa ni jirani yake. Siasa ni mashindano na mapatano juu ya nani atatawala na nchi ielekee wapi. Sera ni uamuzi wenyewe ukishakuwa mpango: nani atapata nini, kwa gharama ya nani, kwa mkono wa nani, na kwa utaratibu gani. Tukisema sera za jamii, tunazungumzia elimu, afya, maji, makazi, ajira, na hifadhi ya wazee, yatima na walemavu. Sera za umma ni uwanja mpana zaidi: jinsi serikali inavyoamua, inavyogawa fedha, inavyotekeleza, na inavyopima kama ilichokusudia kimetokea.

Ndugu Mwenyekiti, wako wanaodhani haya ni masomo ya Ulaya yasiyotuhusu. Napenda niwatoe wasiwasi. Mmoja wa waasisi wa masomo haya ni Mwingereza aliyeitwa Richard Titmuss. Mwaka 1950 aliteuliwa kuwa profesa katika chuo cha uchumi cha London, naye hakuwa na digrii hata moja. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani katika kampuni ya bima. Bwana huyo na wenzake waliichunguza huduma ya afya ya nchi yetu, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 1964. Walishauri kwamba nchi maskini na changa isimalize fedha zake katika hospitali kubwa za mijini, bali itilie mkazo vituo vya afya vijijini na kuzuia magonjwa kabla hayajaingia. Kwa hiyo somo hili lilifika kwetu zamani, nasi tulikuwa miongoni mwa waliolipa mifano.

Sasa niwape mfano mmoja mnaoujua wenyewe, kwani mnauishi: ada za shule. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977. Katika miaka ya 1980, uchumi ulipozorota, wazazi wakaanza tena kuchangia. Mwaka 2001 ada hiyo ikafutwa kwa mara nyingine, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza mwaka 2002. Watoto wakamiminika. Mwaka 2000 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi kama milioni 4.4, mwaka 2005 walikuwa wamezidi milioni 7.

Mtu wa kawaida husema, “Sera imefaulu,” akafunga daftari. Mwanafunzi wa sera anatakiwa abaki na daftari wazi. Ahesabu kwa vidole. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2002 alimaliza la saba mwaka 2008. Aliingia kidato cha kwanza mwaka 2009, katika wakati ambapo sekondari za kata zilikuwa zimejengwa kwa haraka kote nchini ili kumpokea. Alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012. Matokeo ya mtihani huo, kama yalivyotangazwa kwanza Februari 2013, nchi nzima inayakumbuka: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Iliundwa tume, na matokeo yakapangwa upya.

Sisemi kwamba kufuta ada kulisababisha sifuri zile. Ziko sababu nyingi, na wataalamu wamezibishania. Sisemi pia kwamba ilikuwa heri wale watoto wabaki nyumbani wakichunga mbuzi. Nasema hivi: uamuzi wa sera ni kama mche wa mnazi, anayeupanda leo asitazamie nazi kesho. Mwaka ule wa kufuta ada ndio uliokuwa mwaka wa kuuliza, “Miaka saba ijayo watoto hawa watafundishwa hisabati na nani?” Darasa huweza kujengwa kwa miezi michache, lakini mwalimu wa fizikia hatengenezwi kwa miezi michache. Kuuliza swali la namna hiyo mapema, na kulifanyia hesabu, ndiyo kazi ya msomi wa sera.

Tena jambo hili halijaisha. Januari 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa katika kidato cha tano na cha sita. Watoto walioanza darasa la kwanza Januari 2016 ndio walioingia kidato cha kwanza mwaka 2023. Baadhi yenu mmekaa mbele yangu. Ninyi ndio sera yenyewe.

Wanafunzi wengi hudhani masomo haya ni ya kujieleza tu. Ni kweli mtasoma historia, sayansi ya siasa, sheria na utawala. Lakini mtasoma pia uchumi, bajeti ya serikali, njia za utafiti, na takwimu. Takwimu ndizo zinazowakimbiza wengi, nami nawasihi msizikimbie. Tuseme wilaya ina shule mbili zenye walimu kumi kila moja. Ile ya barabarani ina wanafunzi 300, ile ya mlimani ina wanafunzi 900. Ukitaja wastani, utasema kila mwalimu ana wanafunzi 60. Mwalimu wa namna hiyo hayupo katika shule yoyote ya hizo mbili. Yuko mmoja mwenye 30 na mwingine mwenye 90, na karatasi ya wastani imemficha yule anayezama.

Mfano mzuri wa takwimu kuokoa maisha ulitokea hapa kwetu, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, katika miaka ya 1990. Wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amezaliwa, nani amefariki na kwa ugonjwa gani. Walipolinganisha majibu na bajeti, waligundua kwamba huko Morogoro malaria ilichukua kama asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilikuwa imetengewa kama asilimia 5 tu ya fedha za afya. Hakuna aliyekusudia ubaya. Bajeti ilikuwa ikinakiliwa kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Fedha zilipopangwa kufuata magonjwa, pamoja na nyongeza ndogo, vifo vya watoto wadogo vilipungua sana katika miaka iliyofuata.

Hata hivyo, takwimu peke yake hazitoshi. Katika kazi yangu nimekutana na bibi mmoja aliyekuwa na haki ya kutibiwa bila malipo. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, utaratibu umekuwa na msamaha kwa wasio na uwezo. Lakini ili bibi aupate alihitaji barua ya mtendaji, na ofisi ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mara ya kwanza alikuta mtendaji amekwenda wilayani kwenye mkutano. Mara ya pili magoti yalikataa. Katika taarifa, msamaha ulikuwapo. Kwa bibi yule, haukuwapo. Sera ilikuwa nzuri, barua ndiyo iliyomshinda.

Nalitaja hili kwa sababu nchi yetu sasa inaingia katika bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Swali kubwa la miaka ijayo litakuwa lile lile la bibi: asiye na uwezo atatambuliwaje, na nani, na kwa kutembea umbali gani? Watakaolijibu wako katika madarasa ya leo.

Ndugu wanafunzi, nije kwenye kazi. Masomo haya yanapatikana katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe, Dodoma na kwingineko, kwa majina mbalimbali: sera, utawala wa umma, mipango, maendeleo ya jamii. Mzumbe yenyewe ilianza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa. Wahitimu hufanya kazi katika wizara, halmashauri, utafiti, mifuko ya hifadhi ya jamii na mashirika ya hiari. Lakini sitawadanganya. Wazee waliopo hapa walipangiwa kazi hata kabla ya kuvua majoho. Siku hizi nafasi hutangazwa, waombaji ni maelfu, na usaili ni mgumu. Digrii ni tiketi ya kuingia uwanjani, siyo goli.

Kwa hiyo nawashauri mambo matatu. Kwanza, shikeni hesabu tangu sasa. Pili, jifunzeni kuandika Kiswahili kilicho wazi. Vitabu vya chuo vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini mkutano wa kijiji hauendeshwi kwa Kiingereza. Ofisa akisimama kusema “hadidu za rejea” na “wadau wa kimkakati”, wananchi humpigia makofi kwa adabu na kurudi nyumbani bila kuelewa. Tatu, mkiwa likizo, kaeni katika foleni ya zahanati, hudhurieni mkutano wa kijiji, mtazame nani anasema na nani ananyamaza. Hiyo ni maabara yenu, na haina ada.

Nanyi wanachama wenzangu, wengi wenu mna ofisi. Kijana wa shule hii akibisha hodi akiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, msimpe kazi ya kuchemsha chai. Mpeni faili, mpeni bajeti aisome, mchukueni mwende naye kijijini. Chama chetu kimenunua magodoro na kupaka rangi mabweni, na hilo ni jema. Lakini saa moja ya mtu anayeijua kazi yake, akimweleza kijana kwa uaminifu, nayo ni mchango.

Asiyefaa kwa masomo haya ni yule anayetaka kuona matunda ya kazi yake jioni ile ile. Daktari humwona mgonjwa akiinuka. Sisi hatuwaoni wale tuliowasaidia, kwa kuwa mtoto ambaye hakuugua haji ofisini kushukuru. Anayeweza kufanya kazi kwa bidii kwa ajili ya mtu asiyemjua, huyo namkaribisha.