La Haraka Hupiga Kelele, la Maana Hungoja

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi na waliosoma shuleni hapa zamani)



Nimeombwa nizungumzie upangaji wa kazi za kila siku, nami nitasema kwa ufupi.

Mwaka 1954 Rais Eisenhower wa Marekani, akihutubia mkutano wa makanisa mjini Evanston, alieleza kuwa matatizo yake ni ya namna mbili: ya haraka na ya maana. Hakujidai kwamba neno hilo ni lake; alisema lilitoka kwa mkuu wa zamani wa chuo kimoja. Kutokana na neno hilo watu wamezoea kuzigawa kazi mafungu manne.

Fungu la kwanza lina haraka na maana: mtoto ana homa kali usiku, au moto umewaka bwenini. Hapo hapana mjadala. La pili lina maana, ila halina haraka: somo la leo, ufa ukutani, kupima shinikizo la damu. La tatu lina haraka bila maana: simu inalia mfukoni, kumbe mtu anauliza tu uko wapi. La nne halina hili wala lile: soga za barazani zisizo na mwisho.

Wengi hudhani adui ni fungu la nne. Sivyo. Mvivu anajijua. Adui ni la tatu, kwa sababu linatuchosha, nasi tukichoka tunaamini tumefanya kazi. Jua linazama, la pili halijaguswa.

Na fungu la pili halikai lilipo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shinikizo la damu mara nyingi haliumi. Wengine hulijua siku ya kiharusi. Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne uko mbali kwa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Lakini hesabu asizozielewa mwaka huu ndizo zitakazomkesha mwaka wa nne. Nasi wazee, tumezika wenzetu wangapi waliokuwa hodari kazini, wakaacha nyumba bila wosia, na leo watoto wao hawasalimiani? Wosia haubishi hodi.

Basi, kila usiku andika mambo matatu ya kesho, na moja liwe la fungu la pili. Lipe saa yake, ulifanye kabla ya yale yenye kelele. Mwanafunzi, nusu saa ya kwanza ya prepo iwe ya somo unalolikimbia. Mzee mwenzangu, kabla mwezi huu haujaisha, nenda kapime, kisha andika wosia mbele ya mashahidi.

Wahenga walituachia methali mbili. Haraka haraka haina baraka: hiyo ni ya fungu la tatu. Ngoja ngoja huumiza matumbo: hiyo ni ya fungu la pili. Tuzishike zote.