KIKOHOZI SUGU NA WAPANGAJI WA TUMBONI

Mtu akikohoa, sisi wa mjini tunajua pa kwenda. Tunapita duka la dawa la mtaani, tunaomba "rangi mbili", tunahesabiwa vidonge sita au kumi, na safari inaendelea. Kikohozi kikitulia, vidonge vilivyobaki huwekwa juu ya kabati vikimsubiri mgonjwa mwingine. Kisipotulia, tunarudi kununua vingine. Wako watu wanaofanya hivyo mwaka wa tatu sasa, na kila kipupwe kikiingia wanaanza upya.

Leo nataka tuwazungumzie watu hao. Wengi wao hawana mafua yasiyokwisha. Wana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Mirija ya mapafu huvimba na kuwa myembamba, vifuko vya hewa vilivyo mwishoni mwake huharibika, na mtu akipanda ngazi chache tu husimama akihema kama aliyefukuzwa. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, ukawa wa nne kwa kuua duniani. Unaletwa na sigara, na moshi wa kuni na mkaa ndani ya jiko lisilo na dirisha, na vumbi la kazini. Hata kifua kikuu kilichopona huweza kuacha makovu yanayomfanya mtu akose pumzi maisha yake yote.

Sasa, vijidudu vinaingiaje hapa?

Kwa miaka mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba mapafu ya mtu mwenye afya ni safi kabisa, hayana bakteria hata mmoja. Imani hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba Wamarekani walipoanzisha mwaka 2007 mradi mkubwa wa kuorodhesha vijidudu vya mwili wa binadamu, walipima kinywa, pua, ngozi na utumbo, mapafu wakayaacha. Lakini mwaka 2010 watafiti wa London walichukua sampuli kutoka ndani ya mirija ya hewa, wakazichunguza kwa vipimo vya vinasaba, na wakakuta bakteria hata kwa watu wazima wa afya. Kwa wagonjwa wa pumu na wa ugonjwa huu sugu, mchanganyiko wa bakteria hao ulikuwa umebadilika. Jamii ya Haemophilus, ambayo tunaijua kwa kuleta maradhi ya kifua, ilikuwa imezidi.

Tuseme kifua chako ni nyumba ya kupanga. Siku zote wapangaji wapo, wachache na watulivu, wengi wao wakitoka kinywani pamoja na mate tunayoyavuta kidogo kidogo tukiwa usingizini. Vinyweleo vidogo ndani ya mirija huwafagia, nao hawazidi. Moshi ukiingia kila siku, mfagizi huyo hupooza. Makohozi hubaki, mpangaji mkorofi hupata chumba, askari wa mwili huja kupigana naye, na katika vita hiyo kuta za nyumba ndizo zinazobomoka. Nyumba ikibomoka, mkorofi hupata pembe nyingine za kujificha.

Ndugu msikilizaji, jambo lililowashangaza wataalamu ni kwamba ugomvi huo wa kifuani unasikika mpaka tumboni, na wa tumboni unasikika kifuani. Mwaka 2014 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walichapisha majaribio ya panya. Panya waliolishwa nyuzinyuzi kwa wingi walipata bakteria wa utumboni wanaochachusha makapi hayo na kutoa asidi ndogo ndogo. Asidi hizo ziliingia katika damu, zikafika kwenye uboho wa mifupa ambako askari wa mwili huzaliwa, na askari waliokwenda mapafuni wakawa wapole zaidi. Uvimbe wa mzio katika mapafu ulipungua.

Panya si binadamu, ni kweli. Lakini mwaka 2015 jarida la madaktari wa Uingereza lilitoa matokeo ya kuwafuatilia Wamarekani zaidi ya 120,000, wengi wao wauguzi na wafanyakazi wa afya. Waliokula vizuri zaidi, yaani mboga, nafaka zisizokobolewa na karanga, huku wakipunguza nyama nyekundu na vinywaji vya sukari, walipatwa na ugonjwa huu kwa theluthi moja pungufu kuliko waliokula vibaya zaidi. Na mwaka 2020 watafiti wa Australia waliwalinganisha wagonjwa 28 na watu wazima wa afya 29, wakakuta bakteria wa choo chao wanatofautiana.

Bado wataalamu wanabishana: je, utumbo ndio unaoharibu mapafu, au mapafu mabovu na moshi ndivyo vinavyoharibu utumbo? Huenda ni yote mawili. Kwa hiyo anayekuuzia chupa ya "bakteria wazuri" akidai inatibu kifua sugu, anauza ahadi. Dawa ya namna hiyo haijathibitishwa.

Lakini tunachokijua kinatosha kutufanya tuitazame upya ile rangi mbili. Antibaiotiki haichagui. Ni kama mwenye nyumba anayewafukuza wapangaji wote kwa sababu mmoja hakulipa kodi. Wema wa tumboni huondoka, na anayebaki ni yule sugu asiyeisikia dawa. Tena, mara nyingi kifua hiki kinapochafuka ghafla chanzo ni virusi, ambavyo antibaiotiki haiviui kabisa.

Sisemi dawa hizi zitupwe. Makohozi yakibadilika rangi na kuongezeka, na pumzi ikazidi kubana, daktari anaweza kuziandika, na zitaokoa maisha. Mgonjwa wa kifua kikuu naye amalize dozi yake yote bila kuruka hata siku moja. Ninachokataa ni kujiandikia wenyewe.

Unayekohoa zaidi ya wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi; katika hospitali za serikali kipimo cha kifua kikuu ni bure. Kama si kifua kikuu, omba kupimwa pumzi kwa mashine ya kupuliza. Acha sigara, maana hakuna dawa inayoyashinda mapafu yanayovutishwa moshi kila siku. Jiko la mkaa litoe nje. Dona, maharage na mchicha tunavyoviona chakula cha shida, virudishe mezani kwa heshima.

Mapafu yaliyobomoka hayajengwi upya. Yaliyobaki tunaweza kuyalinda, na kazi hiyo haianzii dukani kwa muuza dawa.