DAWA WANAZOPEWA WAZEE WETU HOSPITALINI
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Tumepewa nafasi kabla ya habari za mishahara, kwa hiyo hatutakawia. Twataka kunena juu ya dawa wanazopewa wazee wetu wanapolazwa. Nadra kumpata mtu hapa asiye na baba, mama, au mwenzetu aliyestaafu anayemeza vidonge kila siku.

Kwanza tujue kwamba mwili wa mzee si kama wa kijana. Figo ndizo zinazotoa dawa nyingi mwilini kwa njia ya mkojo, nazo hupungua nguvu miaka inavyokwenda. Dawa ambayo kwa kijana hutoka upesi, kwa mzee hukawia, na kesho nyingine huongezwa juu yake. Sisi watu wa reli twajua kwamba injini kuukuu haifungiwi mabehewa sawa na mpya, hata kama njia ni ile ile.

Madaktari wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1991 Dr. Mark Beers wa Marekani na wenzake walitoa orodha ya dawa zisizofaa kwa watu wanaotunzwa katika nyumba za wazee. Orodha hiyo imetengenezwa upya mara nyingi, na ile ya mwaka 2023 ni ya watu wa miaka 65 na zaidi. Madaktari wa Ireland nao walitoa yao mwaka 2008. Orodha hizi hazimpigi daktari marufuku. Zamwambia afikiri tena.

Baadhi ya dawa hizo mnazijua. Valium hupewa mzee apate usingizi; usiku akiamka kwenda msalani miguu haimbebi, huanguka akavunjika nyonga. Piriton hununuliwa dukani kama peremende, kumbe yaweza kumvuruga mzee akili na kuzuia mkojo wake. Diklofenaki ya maumivu yaweza kuleta vidonda tumboni na kuumiza figo, hasa ikichanganywa na dawa za presha. Glibenklamidi ya sukari yaweza kuteremsha sukari mpaka mtu azimie, na mgonjwa wodini mara nyingi hali chakula vizuri.

Mzee mmoja wetu aliyestaafu alipewa amlodipini ya presha. Miguu ikavimba, jambo ambalo dawa hiyo hulileta kwa watu wengi. Kliniki nyingine haikuuliza anameza nini, ikampa dawa ya kukojoza. Akawa haogi usingizi kwa kwenda msalani, akashikwa na kizunguzungu, akapewa dawa ya kizunguzungu. Alipolazwa alikuwa na dawa tisa, na mbili kati yake zilikuwa dawa ile ile moja: jina la kampuni kwenye chupa hii, jina lake lenyewe kwenye chupa ile. Daktari wa wodi alizimwaga zote mezani, akaondoa nne. Baada ya majuma machache mzee alikuwa akitembea mwenyewe mpaka sokoni.

Hatuwalaumu wauguzi. Muuguzi mmoja na wodi nzima usiku, atafanya nini? Lakini twauliza: ni nani kazi yake kuzisoma dawa zote pamoja? Sisi hatumwachii mwenzetu zamu bila kuandika kitabuni. Mzee hutoka wodini na karatasi ya dawa mpya tu. Zile za zamani zilizo nyumbani hakuna aliyemwambia aache au aendelee, basi humeza zote. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha kampeni yake ya dawa bila madhara mwaka 2017, lilitaja hasa mahali hapo pa kukabidhiana mgonjwa, na watu wenye dawa nyingi.

Kwa hiyo mnapompeleka mzee, tieni dawa zake zote katika mfuko mmoja: za hospitali, za dukani, hata za miti shamba. Ulizeni kila moja ni ya nini, ni mpaka lini, na figo zimepimwa au sivyo. Msimwachishe dawa ninyi wenyewe. Ya presha, ya sukari au ya kifafa ikikatwa ghafula yaweza kuua.

Halmashauri imeandika barua kwa hospitali tunayotibiwa, kuomba mfamasia azipitie dawa za kila mzee anapoingia na kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Katibu ataisoma sasa, kisha tupige kura.