Soketi Ikifa, Stima Huenda Bado Imo



Mpangaji wa Kaptembwo anachomeka pasi asubuhi, haipati moto. Taa zinawaka, kwa hivyo tokeni hazijaisha. Aijaribu kwanza kwenye soketi nyingine. Ikikataa huko pia, huenda soketi haina kosa. Atazame fyuzi iliyo ndani ya plagi. Ya pasi au birika ni ampea 13, na huungua kimya kimya.

Pasi ikiwaka huko, aende kwenye sanduku la swichi. Swichi ya soketi ikiwa imeanguka, achomoe vifaa vyote ndipo airudishe. Ikianguka tena, aiache hivyo hivyo. Na fyuzi iliyoungua haifungwi kwa kipande cha waya, hata kama jirani hufanya hivyo. Nyumba huungua hivyo.

Wengi hudhani soketi iliyokufa haina stima. Waya wa nyutro, ule wa kurudisha stima, ukilegea, kifaa hakiwaki lakini waya laivu bado una volti 240. Ndiyo maana testa huwaka na pasi ikabaki baridi. Bisibisi ya mpangaji haina kazi humo.

Soketi yenye joto, weusi au harufu ya plastiki inayoungua haiguswi kabisa. Swichi kuu izimwe, mwenye nyumba ajulishwe, kwani nyaya za ndani ni jukumu lake, naye alete fundi mwenye leseni ya EPRA. Giza likifika hadi kwa majirani, hilo ni la Kenya Power: 97771.