KORONGO KAVU PIA NI MTO

(Hotuba ya mwanachama wetu, mtumishi wa Serikali mjini Dodoma, kwenye mkutano wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya mito ya mji wetu. Mgeni atacheka: Dodoma ina mito? Mvua yetu ni kama milimita 570 kwa mwaka, tena kati ya Desemba na Aprili tu. Baada ya hapo makorongo ni mchanga mtupu. Lakini wenzangu mtakumbuka: bomba la shule lilipokauka tulikwenda kufukua mchanga ule ule, na maji yakatokea. Korongo lilikuwa limetuwekea akiba.

Waliochora mpango wa makao makuu mwaka 1976, miaka mitatu baada ya uamuzi wa kuhamia huku, walifuata miteremko ya ardhi na kuacha nafasi za wazi kati ya makazi. Mji umekua. Mwaka 2018 ulipewa hadhi ya jiji, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179. Viwanja vimekuwa vya kugombewa, na korongo kavu limeonekana ni mahali pasipo mwenyewe.

Ndugu zangu, nianze kwa kujinyoshea kidole mwenyewe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Naifahamu vizuri. Hata hivyo nilinunua kiwanja kando ya korongo kwa sababu bei ilikuwa nafuu, nikakizungushia ukuta wa mawe. Mvua kubwa ya kwanza, maji yalikuta njia imezibwa, yakageukia kwa jirani yangu, mama mjane. Yalichukua jiko lake na banda la kuku. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta, nikapeleka ufa kwa mwenzangu.

Nilimlipa, nikaubomoa. Mawe yale tuliyapanga chini chini kukatiza korongo ili maji yapunguze mbio, na ukingoni tukapanda migunga na majani. Nyumba sikujenga.

Wapo wanaosema dawa ni mfereji wa saruji. Mfereji huyaondoa maji upesi, lakini humkabidhi mafuriko aliye chini. Tukumbuke kwamba makorongo yetu mengi humwaga Kinyasungwe, na mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliivunja Reli ya Kati kati ya Gulwe na Kilosa. Afadhali maji yacheleweshwe huku huku, yanywee ardhini, maana visima vya Makutupora navyo hutegemea mvua inayozama.

Wanafunzi, fanyeni hesabu hii. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 30 hutoa lita 3,000. Hapa shuleni mapaa ni mengi, na maji yote hukimbilia korongoni yakila udongo. Naomba Umoja wetu uchangie matangi, nanyi mpande miti ukingoni. Mimi nitaleta miche, na jembe langu.

Na mkija kuwa wapimaji na wachoraji wa miji, msipime kiwanja kiangazi tu. Rudini Januari mkaone njia ya maji.