Hijabu na Sare ya Shule: Andikeni Kabla ya Siku ya Kuripoti

Wazazi na walezi, serikali ya kaunti haiamui sare ya shule ya upili. Hiyo ni kazi ya bodi ya usimamizi ya shule, na ombi lianzie huko, si kwa gavana.

Wengi wangali wanaamini kuwa mahakama iliruhusu hijabu katika kila shule. Mambo hayakuishia hapo. Wasichana Waislamu wa shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, walitaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Mahakama ya Rufaa iliwakubalia mwaka 2016. Januari 2019, Mahakama ya Juu ilibatilisha uamuzi huo kwa sababu ya jinsi ombi lilivyowasilishwa. Suala lenyewe la hijabu haikulimaliza. Bodi ya shule ikatakiwa kushauriana na wazazi kuhusu wanaoomba ruhusa.

Basi mzazi amwandikie mwalimu mkuu mapema, kabla hata ya kununua sare (na bei zake mnazijua), abaki na nakala. Msichana akirudishwa nyumbani kwa sababu ya kitambaa cha kichwa, masomo hayamngoji. Barua isipojibiwa, ipelekwe kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo.