Dharura za Mkojo: Yapi Yaende Rufaa, Yapi Yabaki Kwetu?

Mada iliyotolewa kwa waganga wafawidhi na wajumbe wa bodi za hospitali za kanisa



Tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo bodi nyingi huliona kuwa la hesabu tu: upasuaji wa dharura ubaki katika hospitali zetu ndogo, au upelekwe wote hospitali ya rufaa waliko mabingwa? Tumechukua mfano wa magonjwa ya mkojo na ya sehemu za uzazi za wanaume, kwa sababu hapo jibu halifanani kwa kila mgonjwa.

Kukusanya huduma mahali pamoja kuna faida. Mwaka 2002 Uingereza ilielekeza kwamba upasuaji mkubwa wa saratani ya tezi dume na ya kibofu ufanywe na timu zinazofanya angalau 50 kwa mwaka. Kwetu, KCMC Moshi na Bugando Mwanza, zilizofunguliwa 1971 kwa juhudi za makanisa, ndizo mahali pa kazi kama hizo. Mgonjwa wa saratani hupangiwa tarehe, akauza mbuzi, akapanda basi.

Kijana ambaye korodani yake imejisokota hana nafasi hiyo. Mishipa ya damu imesongwa, na saa zinahesabiwa tangu maumivu yaanze, si tangu afike mapokezi. Akipasuliwa ndani ya saa 6, mara nyingi sana korodani huokolewa. Zikipita 24, kwa kawaida imekufa, kazi inabaki kuitoa. Tupige hesabu basi. Kijana ameona haya, akamwambia mama kwamba ni tumbo: saa 3. Gari la wagonjwa linatafutiwa mafuta: saa 1. Barabara ya vumbi: saa 4. Bingwa atampokea vizuri kabisa, ila huenda akakuta korodani nyeusi. Na upasuaji wenyewe si mkubwa: kufungua, kuisokotoa, kuishona isirudie, na ile ya pili vilevile. Daktari msaidizi anayewapasua wajawazito anaweza kufundishwa. Dalili zikiwa wazi, asingoje ultrasaundi.

Mzee aliyezibwa mkojo na tezi dume anahitaji mpira wa mkojo usiku uleule. Muuguzi aliyefunzwa anatosha. Tezi itamngoja bingwa.

Aliyevunjika nyonga kwa ajali ya pikipiki ni habari nyingine. Damu ikionekana kwenye tundu la mkojo, mpira usilazimishwe, maana unaweza kuongeza mchaniko. Atobolewe juu ya kinena, mpira uingie kwenye kibofu, ndipo asafirishwe. Kuiunga njia yenyewe mara nyingi hufanywa baada ya miezi kama 3, na hiyo ni kazi ya bingwa. Figo iliyozibwa na jiwe, mgonjwa akiwa na homa na kutetemeka, iende rufaa mara moja, lakini antibaiotiki zianze kabla gari halijaondoka.

Kwa hiyo pendekezo la kufunga chumba cha upasuaji usiku, ili kuokoa dizeli ya jenereta na posho za zamu, lisipitishwe kwa kuangalia kitabu cha fedha peke yake. Kabla ya kikao cha bajeti, kila hospitali ifungue daftari la rufaa, iandike kwa kila mgonjwa saa ya maumivu kuanza, saa ya kufika kwetu, saa ya kuondoka na saa aliyopasuliwa huko alikokwenda. Saa hiyo ya mwisho hatuna mazoea ya kuiuliza. Namba ya simu ya bingwa wa zamu ibandikwe ukutani, mapokezi.